UFAFANUZI KUHUSU NAMBA NASIBU: KURA, MANENO YA SIRI NA NAMBA ZA LUKU

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaletewa ufafanuzi kuhusu jambo moja linalohusu kura zinazoendeshwa kwa kompyuta na maneno ya siri yanayotolewa kwa kompyuta. Jambo lenyewe ni namna namba nasibu inavyogeuzwa kuwa herufi, tarakimu au jina la mtu katika orodha. Hatua hiyo ni fupi na aghalabu haikaguliwi na mtu yeyote. Hata hivyo, inaweza kumpa mwombaji mmoja nafasi mara mbili ya mwenzake bila ya kuwapo aliyekusudia hivyo.

Kompyuta hutoa namba nasibu kwa mafungu yaitwayo baiti. Baiti moja hubeba namba yoyote kuanzia 0 hadi 255, yaani namba 256, na chanzo kilicho kizima huzitoa zote kwa usawa. Shida huanza pale mahitaji yasipolingana na 256.

Uchukuliwe mfano wa Kigombe, kijiji cha wavuvi katika pwani ya Wilaya ya Muheza, kati ya Tanga na Pangani. Tuseme imepatikana mashine moja ya boti na waombaji wamefika 200. Karani anayaandika majina yao na kuyapa namba kuanzia 0 hadi 199. Kompyuta ikitoa namba, programu huigawanya kwa 200 na kuchukua baki. Ikitoka 37, anapata mtu wa namba 37. Ikitoka 237, baki ni 37, na anapata mtu yule yule. Mwenzake wa namba 120 hana njia ya pili, kwa kuwa ingehitajika itoke 320, na baiti haiwezi kuibeba namba hiyo. Kwa hiyo watu 56 wa mwanzo, wenye namba 0 hadi 55, wana nafasi mbili kila mmoja, na 144 waliosalia wana nafasi moja moja. Na walioandikwa mwanzo ni akina nani? Mara nyingi ni wakaao jirani na ofisi au waliopata habari mapema. Wavuvi waliokuwa dago siku ya kujiandikisha huandikwa mwishoni.

Ni vema kosa hili lisichanganywe na lile la kura isiyochanganywa sawasawa. Tarehe 1 Disemba 1969 Serikali ya Marekani iliendesha kura ya kuwaita vijana jeshini kwa kutumia vidonge 366 vyenye tarehe za kuzaliwa. Vidonge viliingizwa mwezi baada ya mwezi na havikuchanganywa vya kutosha, hivyo waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka, hasa Disemba, walitangulia kuitwa kuliko ilivyostahili. Pale ubovu ulikuwa katika chanzo chenyewe. Katika mfano wa Kigombe chanzo hakina dosari yoyote, ila hesabu inayofuata ndiyo inayopendelea.

Dawa yake inajulikana kwa kila aliyecheza dado. Anayetaka kumchagua mtu mmoja kati ya wanne kwa dado yenye nyuso sita huzitumia 1 hadi 4, na ikianguka 5 au 6 hurusha tena. Vivyo hivyo, katika kura ya watu 200, kila namba kuanzia 200 hadi 255 itupwe na kompyuta iombwe nyingine. Takriban namba 22 katika kila 100 zitatupwa, nayo ni gharama ndogo sana kwa kompyuta. Wapo wanaodhani kwamba kuzidisha badala ya kugawanya huondoa upendeleo. Sivyo: hao 56 wenye nafasi mbili hubaki pale pale kwa idadi, isipokuwa hutawanywa katika orodha nzima, na kosa huwa gumu zaidi kuonekana.

Iwapo programu inatumia baiti nne kwa pamoja, namba zinazoweza kutoka ni 4,294,967,296, na tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho katika orodha ya watu 200 haina uzito wowote. Hata hapo, kutupa namba za ziada ndiyo njia pekee inayoleta usawa kamili.

Anayesimamia kura ya aina hii anashauriwa kuitangaza kanuni ya kutupa mbele ya waombaji kabla ya kuanza, na kila namba iliyotupwa iandikwe katika muhtasari. Watu wakiona namba inatoka kisha inaachwa, wasiojulishwa mapema watakuwa na haki ya kushuku.

Kwa upande wa maneno ya siri, programu nyingi huchagua kati ya alama 62, yaani herufi kubwa 26, herufi ndogo 26 na tarakimu 10. Namba 256 ikigawanywa kwa 62 hubakiza 8. Alama nane za mwanzo hupata nafasi tano kila moja, na nyingine nne nne. Tofauti hiyo ya robo huonekana haba, lakini hujizidisha kwa urefu wa neno: neno la alama nane lililoundwa na alama zilizopendelewa peke yake lina uwezekano karibu mara 6 wa kutokea kuliko neno lisilo na hata moja kati ya hizo. Mwizi anayeijua programu ataanzia huko. Hapa namba kuanzia 248 hadi 255 ndizo za kutupwa.

Ipo pia njia isiyotupa chochote, nayo inafaa zaidi kwa maneno yanayosomwa kwenye karatasi au kutajwa kwa simu. Ziondolewe herufi I na O pamoja na tarakimu 0 na 1, ambazo huwachanganya wasomaji. Zinabaki herufi kubwa 24 na tarakimu 8, jumla alama 32, na 256 hugawanyika kwa 32 bila baki. Namba ya Kitambulisho cha Taifa isitumike kama neno la siri hata kidogo, kwani tarakimu zake nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe.

Kuhusu umeme wa Luku, huenda wapo waliogundua kwamba tarakimu ya kwanza kati ya zile 20 huwa haizidi 7. Luku hufuata mfumo wa kimataifa uitwao STS, ule ule uliowalazimu wateja kuboresha mita zao kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Katika mfumo huo malipo hufungwa kwa siri ndani ya namba ya biti 66, na namba kubwa kabisa ya biti 66 huanza na 73. Kwa sababu hiyo hata 7 yenyewe hutokea mwanzoni kwa nadra kuliko 0 hadi 6. Hakuna anayepunjwa kwa hilo, kwa kuwa kila namba ya siri ina maandishi yake mamoja tu na hakuna mbili zinazoangukia mahali pamoja. Mteja aliyeuziwa namba inayoanza na 8 au 9, iwe Kigombe au kwingineko, ameuziwa namba ambayo mita haitaipokea, naye amrudie aliyemuuzia.