Je, Wajua? Usiguse Tamthilia ya Mwenzio!

Je, wajua kuwa Henrik Ibsen wa Norway aliiharibu tamthilia yake kwa mkono wake mwenyewe? Mwaka 1880 mwigizaji nyota wa Ujerumani, Hedwig Niemann-Raabe, alikataa kuigiza mwisho wa A Doll's House, pale Nora anapoondoka na kuwaacha watoto. Eti yeye asingewaacha wake! Sheria haikumlinda Ibsen kule, basi akaona heri akate mwenyewe kuliko kukatwa na mtu baki. Akaandika mwisho mpya, Nora akabaki nyumbani. Naye Ibsen akauita ushenzi mtupu.

Na hili je? King Lear ya Shakespeare ilichezwa Uingereza kwa takriban miaka 150 ikiwa na mwisho wa furaha! Mwaka 1681 Nahum Tate aliiandika upya, akamwacha mfalme hai, na binti yake Cordelia akapata mchumba. Shakespeare alikuwa kaburini tangu 1616, angemshtaki nani?

Ndiyo maana Mwalimu Nyerere alipotoa tafsiri yake, Mabepari wa Venisi, mwaka 1969 hakuhitaji ruhusa ya mtu. Hakimiliki ya Shakespeare haipo.

Lakini kwa mwandishi Samuel Beckett, thubutu! Mwaka 1988 kundi moja la Uholanzi liliwapa wanawake nafasi za wanaume katika Waiting for Godot. Beckett akaenda mahakamani, akashindwa, akazipiga marufuku tamthilia zake nchi nzima. Alifariki 1989, ukadhani yamekwisha? Mwaka 1994 mwongozaji Deborah Warner alihamisha mistari michache tu ya tamthilia yake Beckett, Footfalls, jijini London. Wasimamizi wa mirathi wakaja juu, na safari ya kuipeleka Ufaransa ikafa.

Shika benchi: Peter Pan inailipa hospitali! J. M. Barrie aliitoa zawadi kwa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street mwaka 1929. Sheria ya Uingereza ya 1988 ikaipa hospitali hiyo mirabaha bila kikomo.

Kamĩrĩĩthũ, Kenya, 1977, mambo yalikuwa kinyume kabisa. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliwaachia wanakijiji waisahihishe tamthilia yao, Ngaahika Ndeenda, mazoezini, hadharani! Waandishi waliridhika, serikali ndiyo iliyofuta kibali.

Sasa wewe, mwalimu wa sanaa. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inamruhusu mwandishi kupinga kazi yake ikipotoshwa hadi kumvunjia heshima. Unataka kufuta onyesho la tatu la tamthilia yake? Kama mwandishi yu hai, mpigie simu kwanza.