Rafiki mshika kasi katika nusu marathoni

Kila Septemba maelfu ya watu nchini Uingereza hukimbia Great North Run, nusu marathoni ya kilomita 21.1 kutoka Newcastle hadi South Shields, kando ya bahari. Baadhi ya wanaoshiriki kwa mara ya kwanza husindikizwa na rafiki mzoefu anayewashikia kasi.

Kazi ya rafiki huyo, kwanza kabisa, ni kuzuia. Mwanzoni, shangwe za watazamaji kuelekea daraja la mto Tyne humfanya mgeni asahau pumzi zake. Akienda mbio, misuli humaliza mapema sukari iliyohifadhiwa mwilini, na deni hilo hudaiwa kilomita za mwisho. Kipimo ni rahisi: asiyeweza kutamka sentensi nzima bila kuhema amezidisha kasi.

Mwendo wa dakika 7 kwa kilomita humfikisha kwa takriban saa 2 na dakika 28. Eliud Kipchoge wa Kenya, alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mwaka 2019, alitanguliwa na wakimbiaji waliopokezana kumkinga upepo. Mgeni hahitaji hayo. Anahitaji mtu wa kwenda naye bega kwa bega, kwani mgongo unaozidi kutokomea mbele huvunja moyo.

Katika maili ya mwisho, ufukweni, mazungumzo hukoma. Mgeni akisema hawezi tena, rafiki hana budi kutambua kama huo ni uchovu tu. Akiona kizunguzungu au maneno yasiyoeleweka, humsimamisha na kuwaita wahudumu wa afya, hata kama mstari wa mwisho unaonekana.