Usiku Unasaga Meno, Mchana Unasema Uko Poa

Leo tuanzie bwenini.

Nikiwa kidato cha pili, mwenzangu wa kitanda cha juu alikuwa akiniamsha usiku kwa kunirushia kandambili. "We dada, acha kutafuna mawe, tulale!" Mimi sina habari, nimelala zangu. Asubuhi mataya yananiuma kama nimemaliza miwa ya shamba zima, na kichwa kinagonga. Bweni zima likatoa hukumu: huyu ana minyoo. Nikanywa dawa ya minyoo mara mbili. Wapi! Kusaga kukaendelea.

Likizo ilipofika nikaenda kwa daktari wa meno, maana gego moja lilikuwa linashtuka kila nikinywa maji baridi. Akaangalia, akasema magego yangu yamelika yakawa bapa. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Unalala vizuri? Kuna jambo lililokutisha mwaka huu?"

Nikanyamaza. Miezi minne kabla, basi nililopanda na kaka yangu lilipinduka. Sisi tulitoka salama. Mama aliyekaa kiti cha mbele yetu hakutoka. Nyumbani hatukulizungumza tena, na watu wote waliamini nimeshasahau.

Sasa utauliza, ajali ya basi na meno wapi na wapi? Ngoja nikueleze. Mtu akipatwa na jambo la kutisha sana, iwe ajali, kipigo, kubakwa au kumuona mzazi akipigwa, kuna jeraha linaloweza kubaki ndani. Hilo tunaliita kiwewe. Jambo lenyewe limepita, lakini mwili unaendelea kukaa macho kama mlinzi aliyesahauliwa lindoni. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, usingizi unakuwa wa mang'amung'amu. Na misuli ya taya ina nguvu sana. Ikikaza usiku kucha, jino ndilo linaloumia. Gamba la nje la jino ni gumu kuliko kitu chochote mwilini, hata mfupa, lakini likishalika haliwezi kuota tena.

Hofu ya muda mrefu hukausha mate pia. Usiyadharau mate. Ndiyo yanayosuuza mabaki ya chakula na kupunguza asidi inayotoboa meno. Tena mwili ulio katika hofu kila siku hupigana vibaya na vijidudu, hivyo fizi huvimba na kutoa damu kwa urahisi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918), askari wengi waliokaa kwenye mahandaki walipata ugonjwa mkali wa fizi: vidonda, damu, harufu mbaya, maumivu. Hofu, uchovu, chakula duni, sigara na meno yasiyosafishwa viliungana. Ugonjwa huo bado upo, na hata vijana huupata. Ukiona fizi zinauma ghafla na ncha zake katikati ya meno zinaoza, nenda hospitali upesi. Unatibika.

Kuna na mambo ya kila siku. Mtu mwenye huzuni nzito haoni sababu ya kushika mswaki. Anajifariji kwa soda na pipi, mwingine kwa sigara au pombe. Halafu sisi wenzake tunamwita mchafu! Ukweli ni kwamba siyo kila jino bovu lina siri nyuma yake. Sukari na uvivu wa kupiga mswaki vinatoboa meno ya watu wenye raha zao pia. Kusaga meno nako kuna sababu nyingine. Ninachosema ni usikimbilie kumcheka mtu.

Tatizo hili siyo la watu wachache. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hesabu darasa lako.

Na hapa ndipo kwenye shida kubwa: kile kiti cha daktari wa meno. Unalazwa chali, mtu mzima anakuinamia, mikono yake imo mdomoni mwako, huwezi kusema. Kwa aliyewahi kushikwa kwa nguvu, hali hiyo inaweza kurudisha kila kitu. Anatetemeka, anatapika, au anaamka na kukimbia. Wengine wanavumilia jino mpaka uso unavimba.

Kama ni wewe, jua kwamba huna deni la kumsimulia daktari yaliyokupata. Sema tu: "Daktari, naogopa sana, naomba twende polepole." Kubalianeni kwamba ukiinua mkono, anaacha papo hapo. Omba kiti kisilazwe sana. Omba akueleze kila kifaa kabla hakijaingia mdomoni. Nenda na dada, shangazi au rafiki akae pembeni, na ukitaka daktari wa kike, uliza kama yupo. Siku ya kwanza mnaweza kuangalia tu, kung'oa au kuziba kukasubiri. Ukikutana na daktari anayekufokea, tafuta mwingine, usiache jino.

Nyumbani, dawa ya meno yenye floraidi, asubuhi na kabla ya kulala. Siku ambayo huna nguvu kabisa, piga ule wa usiku tu. Ni bora kuliko kuacha.

Na kama ukatili bado unaendelea, mswaki hautoshi. Nchini Tanzania piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Ukiogopa kwenda peke yako, mwambie mwalimu unayemwamini akusindikize.

Mimi gego lilizibwa. Jioni ile nilimwuliza kaka yangu kama bado anaiota ile ajali. Akasema kila wiki. Tulikaa uani mpaka mama akaja kutuuliza kwa nini hatulali.