Sarufi ya Misimbo ya Hitilafu: Mfano wa Mizani ya Majani Chai

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi misimbo ya hitilafu inavyoundwa na inavyopaswa kusomwa katika programu za vitu vilivyotawanywa. Tutajaribu kuonyesha kwamba kazi hiyo inamhusu mwanaisimu kama inavyomhusu fundi wa kompyuta. "Kitu" katika taaluma hii ni sehemu ya programu yenye habari zake na vitendo vyake. Vitu vikikaa katika kompyuta moja, huombana kazi bila mashaka makubwa. Vikitawanywa katika kompyuta mbalimbali, ombi hupita katika waya au hewani, na huko laweza kupotea.

Tutazame mfano wa kubuni, usiohusu kiwanda chochote, kutoka nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet. Huko wakulima wadogo huhudumiwa na viwanda kama Litein na Kapkatet, au Mogogosiek na Kapkoros. Mkulima huchuma majani mawili na chipukizi, akayapeleka kituoni yakapimwa. Malipo yake ya mwezi na bonasi ya mwaka hutegemea kilo zilizoandikwa kwa jina lake. Tuseme mizani ya elektroniki inapeleka uzito papo hapo kwa kompyuta ya mbali. Kilo 23 za mama mmoja zinapelekwa, na kioo cha mizani kinaandika: -2147023170. Je, karani apime tena au asipime?

2. Umbo la msimbo

Namba hiyo imetoka katika utaratibu wa COM wa kampuni ya Microsoft, ambao tangu 1996 umekuwa na tawi lake la vitu vilivyotawanywa, yaani DCOM. Ikiandikwa kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, huwa 800706BE. Hizi si namba mbili, bali ni maandishi mawili ya namba moja, kama vile Kiswahili kilivyoandikwa kwa hati ya Kiarabu na kwa hati ya Kilatini.

Msimbo huu una biti 32, nao huchanganuliwa kama tunavyochanganua kitenzi. Katika neno "hawatanipimia" twapata ha-wa-ta-ni-pim-i-a, na kila kipande kina mahali pake na kazi yake. Kadhalika, biti ya kwanza ya msimbo ni alama ya ukanushi: ikiwa 1, ombi limeshindwa. Biti 4 zinazofuata zimetengwa kwa matumizi mengine. Biti 11 hutaja idara iliyotoa habari, na biti 16 za mwisho hutaja tukio lenyewe. Hivyo 800706BE yasema: limeshindwa; idara ya 7; tukio la 1726.

Idara ya 7 ni ya mfumo wa Windows wenyewe. Tukio la 1726 ni namba ya Windows iliyokopwa na kuvikwa viambishi vya COM, kama vile mzizi "fahamu" ulivyotoka katika Kiarabu, nasi leo twasema "tumefahamishwa". Anayejua mzizi hatishwi na urefu wa neno.

3. Muktadha

Haitoshi, hata hivyo, kujua vipande. Misimbo ya idara ya 4 haina maana moja kila mahali. Maana yake huamuliwa na kiolesura kilichoitoa, yaani orodha ya maombi ambayo kitu kimekubali kuyapokea. Hali hii twaijua katika neno "paa": bila muktadha hatujui kama ni mnyama, sehemu ya nyumba, au tendo la kuruka juu. Mtu anayetafuta maana ya msimbo wa namna hiyo bila kuuliza ulitoka wapi ataangukia maana ya jirani.

4. Tofauti ya namba moja

Turudi kituoni. Tukio la 1726 lina maana kwamba ombi la mbali limeshindwa. Tukio la 1727 lina maana kwamba ombi la mbali limeshindwa na halikutekelezwa. Namba hizi zinapambanuana kama "pata" na "bata". Kioo kingeonyesha 1727, karani angepima tena bila hofu. Lakini kwa 1726 hajui: huenda kilo 23 zimekwisha kuandikwa, ila jibu ndilo lililopotea njiani. Akirudia, huenda mama akaandikiwa kilo 46. Asiporudia, huenda jasho lake la siku nzima likapotea.

Utaratibu wa CORBA, ambao toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1991, hulitaja jambo hili waziwazi. Kila hitilafu ya mfumo huandamana na hali moja kati ya tatu: kazi imekamilika, haikukamilika, au huenda imekamilika. Hali ya tatu ni ungamo la kutojua. Kwa hiyo mjenzi mwangalifu huupa kila upimaji namba yake ya pekee, ili ombi likirudiwa kompyuta ya mbali itambue kwamba imekwisha kulipokea, isiliandike mara ya pili.

5. Hitimisho

Hapa ndipo mtaalamu wa lugha anapohitajika. Mfasiri akiandika "Kosa limetokea" kwa misimbo yote, amefuta tofauti ambayo namba zenyewe ziliihifadhi. Isitoshe, neno "kosa" hutafuta mkosaji, na aliye karibu ni karani. "Hitilafu" lafaa zaidi. Twapendekeza kwamba 1727 ifasiriwe "Uzito haukupokewa, pima tena", na 1726 ifasiriwe "Haijulikani kama uzito umepokewa, hakikisha kabla ya kurudia".

Kiswahili kina "haukupokewa", "haujapokewa" na "huenda umepokewa", wala hatuna haja ya kuazima lugha nyingine ili kuzitenga hali hizo. Lililobaki ni sisi kuzitumia kwa uangalifu, maana kilo za mkulima zimo katika uteuzi wa maneno hayo.