Jino la Mtoto Likibadilika Rangi

Wazazi wengi hushtuka jino la kwanza la ukubwani linapochomoza katika kinywa cha mtoto wa miaka sita au saba. Likitazamwa kando ya meno ya utotoni, yaliyo meupe kama maziwa, jino hilo jipya huonekana la manjano, na mara nyingi mtoto ndiye anayelaumiwa: hapigi mswaki vyema, amezidisha mabuyu. Ilhali jino lake ni zima. Chini ya tabaka gumu la nje liitwalo enameli, kila jino lina mwili wa ndani ulio na rangi ya manjano. Katika meno ya ukubwani mwili huo ni mnene zaidi, na enameli yake hupitisha mwanga zaidi, kwa hivyo rangi ya ndani hudhihiri. Meno ya utotoni yakishang'oka yote, hakutakuwa tena na cha kulinganishia, na hofu ya mzazi huisha yenyewe.

Tumeanza na jambo hili kwa kuwa majumbani mwetu lawama na kusugua hutangulia uchunguzi. Jino likigeuka rangi, hutafutwa mkaa uliosagwa, majivu, chumvi, magadi, na hata ndimu. Ndimu ina asidi inayolainisha enameli. Mkaa na majivu hukwangua kama msasa. Enameli ikishaliwa hairudi, na kilicho chini yake ni ile manjano tuliyoitaja. Mzazi anayetafuta weupe kwa njia hiyo huishia kulizidishia jino manjano, na kumwachia mtoto maumivu kila anapokunywa maji baridi.

Linalopasa kuulizwa ni hili: je, rangi hiyo imekaa juu ya jino au imo ndani yake? Mabuyu mekundu, achari na chai ya rangi hupaka ukoga uliogandamana juu ya jino, na ukoga huo hutoka kwa mswaki na dawa ya meno ya kawaida. Mtoto anayepewa dawa ya maji ya kuongeza damu, yenye madini ya chuma, huweza kupata weusi juu ya meno. Weusi huo nao hauna madhara, na mzazi asimkatizie mtoto dawa kwa ajili yake. Ampe dawa kwa nyuma ya ulimi kisha amnyweshe maji. Wapo pia watoto wanaopata mstari wa kijani au mweusi kando ya ufizi kutokana na vijidudu vya kinywani. Daktari wa meno huuondoa kwa kusafisha tu, ingawa huweza kurejea.

Rangi inayotutia wasiwasi zaidi ni nyeupe. Mzazi ainue mdomo wa juu wa mtoto wake mwenye mwaka mmoja au miwili, autazame mpaka wa jino na ufizi. Akiona mstari mweupe uliofifia kama chokaa, usiong'aa kama sehemu nyingine ya jino, basi huo ndio mwanzo wa kuoza. Kwa kawaida huanzia meno ya mbele ya juu, hasa kwa mtoto anayelazwa na chupa ya maziwa yaliyotiwa sukari, chai au sharubati. Akilala, mate hupungua, na sukari hubakia imeyazunguka meno usiku kucha. Wakati huu jino bado halijatoboka, na madini yaliyopotea huweza kurudishwa. Chupa ya usiku na ibadilishwe iwe ya maji matupu, meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na daktari aombwe kuyapaka floraidi nzito inayoganda juu ya jino. Miezi michache ya uzembe ikipita, mstari ule mweupe hugeuka hudhurungi, kisha huwa tundu, na hapo mswaki pekee hautoshi tena.

Kipimo cha dawa ya meno ni kadiri ya punje ya mchele kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, na kadiri ya punje ya mbaazi kuanzia miaka mitatu hadi sita. Atemewe, asimeze. Mswaki wa mti ni mwema, nasi hatuupingi. Ila mkono wa mtoto mdogo hauufikishi kwenye magego, kwa hiyo mzazi ndiye wa kumpigia mswaki mpaka afike kama miaka saba.

Jino moja peke yake likigeuka kijivu, mzazi akumbuke kama mtoto aliwahi kuanguka. Damu huvilia ndani ya jino kama inavyovilia chini ya ngozi. Pengine rangi hurejea baada ya miezi kadhaa, pengine mshipa wa ndani umekufa. Jino la kijivu lisilouma huangaliwa tu. Lakini kukitokea uvimbe au kijipu juu ya ufizi, mtoto apelekwe hospitali bila kungoja, kwani usaha wa jino la utotoni huweza kulidhuru jino la ukubwani linaloumbika chini yake.

Kuna watoto wengine wanaoonewa sana, nao ni wale wenye mabaka meupe au ya hudhurungi katika meno yote. Wengi wao walilelewa Nakuru, Naivasha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, ambako miamba ya volkano hutia floraidi nyingi katika maji ya visima, kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi kidogo hulinda jino; ikizidi katika miaka minane ya mwanzo, wakati enameli inaumbika ndani ya ufizi, huiharibu kabla jino halijatoka. Mtoto huyo akihamia Mombasa au Malindi akiwa na miaka kumi, huja na alama zake, na darasani huambiwa ni mchafu. Hakuna mswaki utakaoziondoa. Kwa jamaa zetu wanaoishi huko bara, wajue kwamba kuchemsha maji hakupunguzi floraidi bali huizidisha, kwa kuwa maji hupungua nayo ikabaki. Dawa za kuua vijidudu haziigusi. Maji ya mvua, au yaliyopitishwa katika vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyotumika Nakuru, ndiyo yafaayo kwa mtoto mdogo.

Hali kadhalika dawa ya tetrasaiklini. Mama mjamzito na mtoto aliye chini ya miaka minane hawafai kuinunua dukani bila idhini ya daktari, kwani huingia ndani ya jino linaloumbika na kuliachia rangi ya manjano au kijivu isiyotoka.

Kwa rangi iliyo ndani, tiba ipo, ila nyingi yake hungoja umri. Dawa kali za kung'arisha meno si za watoto. Mabaka ya floraidi huweza kupunguzwa na daktari kwa kukwangua tabaka jembamba sana la juu, au kufunikwa kwa kijazio cha rangi ya jino, meno ya ukubwani yakishatoka sawasawa.

Na ipo tiba inayolifanya jino kuwa jeusi kwa makusudi. Ni dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, ipakwayo kwenye tundu la jino la mtoto asiyeweza kuvumilia kuchongwa. Husimamisha kuoza bila sindano, na mahali palipooza hugeuka peusi. Daktari akiitaja, mzazi asikatae kwa sababu ya rangi tu. Aulize ni jino lipi na limebakisha muda gani kabla ya kung'oka. Gego la utotoni huhitajika mpaka miaka kumi au kumi na miwili, nalo jeusi lisilouma hutafuna kama jeupe.