Mliberali wa Nchi Gani?

Mtangazaji akisema kiongozi fulani wa ng'ambo ni mliberali, msikilizaji bado hajaambiwa mengi mpaka atajiwe nchi. Jina hilo lilipata maana ya kisiasa Hispania, ambako wajumbe wa Bunge la Cádiz waliotaka kumbana mfalme kwa katiba, ile ya 1812, waliitwa waliberali. Uingereza ya Waziri Mkuu William Gladstone ikalifungamanisha na biashara huria na serikali isiyotumia fedha ovyo. Marekani ndiyo iliyoligeuza. Katika mdororo mkuu wa miaka ya 1930, Rais Franklin Roosevelt alijiita mliberali huku serikali yake ikianzisha pensheni za wazee na miradi ya ajira, na tangu hapo mliberali wa Marekani ni mtu wa mrengo wa kushoto. Australia nako, chama cha Liberal alichoasisi Robert Menzies mwaka 1944 ni cha mrengo wa kulia!

Wapo watakaosema mzizi ni mmoja, yaani uhuru, hivyo tofauti hizi ni za juujuu. Mzizi ni mmoja kweli, ila hofu si moja: Gladstone alichelea serikali inayotoza kodi kupita kiasi, Roosevelt aliona umaskini nao humfunga mtu. Anayedai uhuru dhidi ya kodi na anayedai uhuru dhidi ya njaa hawapigi kura sanduku moja kwa nia moja. Basi, msomaji, ukikutana na sifa hiyo kwenye habari, uliza kwanza: ni nchi gani, na huyo mtu anataka serikali ifanye nini?