Watu wazima 11 ufukweni, hakuna aliyemwona mtoto akizama

Tulipofika ufukwe wa Muizenberg, Cape Town nchini Afrika Kusini, swali la kwanza kuulizana lilikuwa kuhusu papa. Hakuna aliyeuliza nani atawaangalia watoto.

Tulikuwa 15, karibu wote Watanzania, pamoja na mtu na mkewe kutoka Nairobi tuliokutana nao kwenye nyumba ya wageni. Watu wazima 11, watoto wanne. Tulikodi basi dogo kwa siku nzima. Asubuhi tulizunguka Bo-Kaap, mtaa wa kale wa Waislamu wenye nyumba za kijani, waridi na njano. Table Mountain ulikuwa umefunikwa na wingu, tukaupiga picha kutoka chini na kuendelea na safari. Mchana tukawa Simon's Town, kwenye ufukwe wa Boulders, kuwaona pengwini. Ndege hao walianza kuzaliana hapo mwaka 1982 wakiwa jozi mbili tu, na sasa wamejaa kila mahali. Watoto waliwaiga wanavyotembea hadi tukacheka wote.

Kwa hiyo saa nane mchana tulipotandika kanga zetu mchangani Muizenberg, tulikuwa tumechoka, tuna njaa na tuna furaha.

Kuhusu papa, tulipata jibu la kutuliza. Juu ya mlima unaotazama ufukwe huo kuna watu wanaokaa na darubini kuchunguza maji, kazi iliyoanza mwaka 2004. Bendera ya kijani maana yake maji yanaonekana vizuri, nyeusi hayaonekani vizuri, nyekundu ni tahadhari, na nyeupe yenye picha ya papa, ikiambatana na king'ora, ni amri ya kutoka majini. Siku hiyo ilipepea ya kijani. Tukatulia.

Kulikuwa pia na bendera za rangi nyekundu na njano, zinazoonyesha eneo linalolindwa na waokoaji. Sisi tulikaa nje ya eneo hilo, kwa sababu huko kulikuwa na watu wachache.

'Nilidhani yuko na wewe'

Mtoto mwenyewe ni msichana wa miaka sita. Baba yake aliinuka kwenda kununua samaki na chipsi, akasema, "Jamani, mwangalieni huyu." Sote tuliitikia. Mama yake alikuwa ameenda chooni kumbadilisha mdogo wake nepi. Mimi nilikuwa nachagua picha za pengwini kwenye simu.

Aliyeshtuka ni yule mama wa Nairobi. Hakusikia kelele yoyote. Alihesabu watoto, akapata watatu, akasimama.

Msichana alikuwa hatua chache tu kutoka tulipokaa, mahali ambapo maji yanamfika mtu mzima kiunoni. Kichwa kilikuwa kimelala nyuma, mdomo unaibuka na kuzama. Hakupunga mkono wala hakuita. Kijana aliyekuwa akijifunza kuteleza kwenye mawimbi ndiye aliyekuwa karibu, akamnyanyua.

Alikohoa, akatapika, kisha akalia, na sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile. Mwokoaji alimkagua na kushauri apelekwe hospitali. Huko aliangaliwa hadi usiku, akaruhusiwa.

"Si niliwaambia?" baba yake alituuliza. Mkewe naye akamgeukia: "Mimi nilidhani yuko na wewe."

Nimeandika habari za watoto kuzama zaidi ya mara moja. Najua kwamba Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na kwamba kuzama ni sababu ya nne ya vifo vya watoto wa mwaka mmoja hadi minne duniani, na ya tatu kwa wale wa miaka mitano hadi 14. Nilijua pia kwamba anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa sababu mdomo ukiibuka unatafuta hewa, hauna nafasi ya kuita. Yote hayo niliyajua nikiwa nimeinamia simu.

Tatizo letu halikuwa uchache wa watu. Kila mmoja aliwaona wenzake kumi, akaamini kazi inafanyika. Mtoto aliyekabidhiwa kwa "jamani" hajakabidhiwa kwa mtu. Mkabidhi mtu kwa jina lake, na asubiriwe ajibu. Kwa mtoto asiyejua kuogelea, mwangalizi awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Maboya ya kuchezea yasikudanganye, upepo huyasukuma mbali.

Ukimtoa mtoto majini naye hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkandamiza tumbo ili maji yatoke, ingawa wengi wetu tumeona ikifanywa hivyo. Anachohitaji ni hewa: kupuliziwa mdomoni na kukandamizwa kifua bila kuchelewa, huku mwingine akiita msaada. Akizinduka, apelekwe hospitali hata kama anaonekana mzima. Kikohozi kisichokoma, kupumua kwa shida au usingizi usio wa kawaida saa chache baadaye ni dalili za hatari.

Kwa tunaokwenda Coco Beach au Kigamboni, hakuna wa kukaa mlimani na darubini. Kuna maji kupwa na kujaa, na wakati wa bamvua mchanga uliocheza juu yake asubuhi unaweza kuwa chini ya maji mchana. Waulize wavuvi kabla ya kutandika mkeka.

Kesho yake watoto walitaka kurudi baharini. Wazazi wake walisita, kisha wakakubali, safari hii kati ya zile bendera mbili. Baba alivua kofia yake ya njano, akanivisha.

"Dada, zamu yako. Hadi saa nne na robo. Umekubali?"

Nikasema nimekubali. Akanyoosha mkono, akachukua simu yangu.